Krenki ya Turbo: Usinunue Jina, Nunua Vipimo

Leo naacha kidogo habari za kompyuta, niingie gereji. Najua kuna atakayeuliza, huyu mwandishi wa programu anatafuta nini kwa mafundi wa magari? Jamani, angalieni tu maegesho ya ofisi yoyote ya teknolojia hapa Nairobi. Subaru zimejaa, na nyingi ni za turbo. Na kila baada ya wiki chache mwenzetu mmoja anakuja kazini kwa matatu, uso umemshuka, anasema injini imegonga na fundi amemwambia krenki imekwisha. Kisha inaanza ile bunge ya wakati wa chai: saga hiyo yako, nunua ya kutoka Japani, agiza ya mashindano kutoka ng'ambo.

Mimi nina msimamo kuhusu jambo hili, na nitausema mapema ili asiyekubaliana nami aanze kukasirika mapema. Kwa gari la turbo la kwenda kazini na kurudi, krenki iliyotumika lakini iliyopimwa na kuonekana bado iko saizi ya kiwandani ni bora kuliko yako iliyoungua na kusagwa, ni bora kuliko mpya ya nakala isiyojulikana ilitoka wapi, na ni bora mara kumi kuliko ile ya mashindano ambayo imekumalizia pesa zote. Mpya halisi ya kampuni inazishinda zote, ukiweza bei yake. Lakini neno lililo muhimu katika sentensi hiyo yote ni "iliyopimwa", na hilo ndilo watu hulirukia.

Tuchukue injini moja ili tusizungumze hewani. EJ20 ya turbo, ile ya Impreza WRX na ya Forester XT za soko la Japani hadi za mwaka 2012. Familia ya EJ ilianza na Legacy mwaka 1989, na mwaka 2019 Subaru ilitangaza WRX STI za mwisho zenye EJ20, magari 555 tu. Kwa hiyo hiyo ni injini ya miaka thelathini ambayo haitengenezewi gari jipya tena. Ongeza sheria yetu ya kutoingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane, utaona kwamba Forester hizo zilizoko hapa nchini ndizo hizo hizo. Haziongezeki. Anayeipenda yake itabidi aijenge upya, si kuibadilisha na nyingine.

Krenki, kwa msomaji ambaye hajawahi kuchafua mikono, ni ule mtaimbo uliopinda-pinda ndani ya injini unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko wa kupeleka magurudumu. Kwenye EJ una shingo tano kuu zinazokaa ndani ya bloki, na shingo nne ambazo konrodi zinashika. Kati ya shingo na konrodi kuna beringi, vipande viwili vyembamba vya chuma laini, na kati ya beringi na shingo kuna oili. Oili hiyo ndiyo inayobeba kila kitu. Chuma hakitakiwi kugusa chuma.

Sasa hebu tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wanapodharau. Pistoni ya EJ20 ina kipenyo cha milimita 92, yaani eneo la sentimita mraba 66 na nusu hivi. Tuseme turbo inasukuma na presha ndani ya silinda wakati wa mlipuko inafika bar 80, ambayo ni kama kilo 80 kwa kila sentimita mraba. Zidisha. Unapata zaidi ya tani 5. Huyo ni ndovu dume wa Tsavo anasimama juu ya pistoni moja, mara elfu kadhaa kwa dakika ukizijumlisha zote nne. Na nafasi ya oili inayombeba huyo ndovu kwenye shingo ya konrodi ni kama kati ya milimita 0.015 na 0.045. Kwenye shingo kuu ni ndogo zaidi, 0.01 hadi 0.03. Unywele wako ni mnene kuliko nafasi hiyo.

Ndiyo maana nashangaa nikimwona mtu mzima anaishika krenki, anapitisha kucha kwenye shingo, anatikisa kichwa na kusema "hii iko safi". Kucha inasikia mkwaruzo, ndiyo. Haiwezi kusikia tofauti ya mia tatu za milimita. Nawaheshimu sana mafundi wetu. Kuna wengine wanaosikiliza injini kwa bisibisi iliyowekwa sikioni na kukwambia ni konrodi namba tatu, na ukifungua, kweli ni namba tatu. Sikio ni chombo kizuri sana cha kutafuta ugonjwa. Si chombo cha kununulia krenki.

Binamu yangu anauza dawa za mifugo, anazunguka Nakuru, Njoro, Molo hadi Olenguruone na Forester yake ya turbo. Gari ndilo duka. Likilala siku moja hakuna mauzo, na wakulima hawamsubiri, wananunua kwa mwingine. Mwaka jana ilianza kugonga akipanda kuelekea Molo, ikafunguliwa, na shingo moja ya konrodi ilikuwa imegeuka rangi ya samawati, beringi imezunguka ndani ya konrodi na kusagika kuwa unga. Alinipigia simu kwa sababu mimi ndiye "mtu wa mashine" katika ukoo (kwa jamaa zangu kompyuta, redio na injini ni kitu kimoja). Alikuwa amepewa ushauri wa aina tatu, na nikaona kila mmoja una kasoro yake.

Ushauri wa kwanza: saga hiyo hiyo, weka beringi za saizi ndogo. Hili ndilo la kawaida zaidi na lina historia ndefu ya heshima. Malori yetu yamesagwa krenki tangu enzi za baba zetu, saizi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na yanaendelea kupanda Mai Mahiu. Kwa nini basi Subaru isisagwe? Kwa sababu krenki nyingi za malori zimekomazwa kwa joto hadi milimita kadhaa ndani. Ukisaga robo milimita bado umebaki ndani ya ule ugumu. Krenki za EJ za turbo ni chuma cha kufuliwa, na baadhi yake, hasa za STI, zimetiwa naitrojeni juu ya uso ili kuukomaza. Lile gamba gumu kabisa la juu huwa na unene wa milimita 0.01 hadi 0.02 hivi, na chini yake ugumu unapungua polepole. Saizi ya beringi ya kusagwa ni 0.25. Hiyo ni kwenye kipenyo, kwa hiyo kila upande unatoa 0.125. Gamba lote limekwenda. Umebaki na krenki yenye jina la STI na uso wa krenki ya kawaida, isipokuwa kama utairudisha kutiwa naitrojeni tena.

Sisemi kusaga ni dhambi. Kampuni yenyewe ilitoa beringi za 0.25 kwa injini hizi, kwa hiyo ilikubali krenki isagwe mara moja. Lakini ilikomea hapo. Ukisikia mtu anakwambia "tutaenda 0.50, hakuna shida", shika krenki yako uondoke taratibu. Tena kuna jambo ambalo hata kusaga vizuri hakuliponyi: shingo iliyogeuka samawati imepikwa. Chuma kilichopikwa hivyo kinaweza kuwa kimelainika, kimepinda, au kimeanza ufa usioonekana kwa macho. Na anayesaga asipoacha ule mviringo mdogo pembeni mwa shingo, pale inapokutana na ukuta wake, akakata pembe kali, amekuchorea mahali pa krenki kukatikia. Krenki ya binamu niliiambia pole, ikaenda kwa vyuma chakavu.

Ushauri wa pili ulitoka kwa kijana mmoja wa mashindano ya mbio za magari: agiza krenki ya milimita 79, uifanye injini kuwa kubwa. Hili sitalimaliza wino. Krenki ya EJ20 inasukuma pistoni mwendo wa milimita 75, ya EJ25 mwendo wa 79, na kweli watu huweka ya 79 kwenye bloki ya EJ20. Lakini nusu ya tofauti hiyo, milimita 2, inapanda juu. Ukiweka na pistoni zako za zamani zitatokeza juu ya bloki na kugonga hedi. Kwa hiyo unanunua na pistoni nyingine. Na faida? Kutoka cc 1994 unafika kama cc 2100. Kwa mtu anayebeba dawa za minyoo ya ng'ombe! Na zile krenki zilizochongwa kutoka bonge moja la chuma ni kazi nzuri ya kuangalia, lakini ni kwa watu wenye nguvu mara mbili ya zile za kiwandani. Krenki ya EJ haifi kwa kuwa dhaifu, kwa kawaida inauawa na ukosefu wa oili. Ukiikosesha oili krenki ya bei ya kiwanja itakufa vile vile.

Ushauri wa tatu ulikuwa wa kwenda Kirinyaga Road kununua iliyotumika kutoka Japani, na huo ndio niliuunga mkono, kwa sharti moja: twende na mikromita. Tuliazima ya milimita 50 hadi 75 kwa jamaa anayefundisha ufundi wa mashine, pamoja na karatasi yenye vipimo. Shingo ya konrodi ya EJ inatakiwa kuwa kati ya milimita 51.984 na 52.000. Shingo kuu, kati ya 59.992 na 60.008. Basi. Namba mbili hizo zinakata maneno yote.

Muuzaji wa kwanza alituona na kile chombo akacheka. "Boss, hii ni safi kabisa, imetoka kwa kontena juzi." Nikamwambia sina wasiwasi na kontena, naomba tu nipime. Shingo tatu zilikuwa sawa, ya nne ikasoma 51.97. Imeliwa. Krenki ya pili ilikuwa inang'aa kuliko zote, imefungwa kwa nailoni, na ilisoma 51.74 kwenye shingo zote nne. Hiyo imeshasagwa! Mtu angeinunua kwa sababu ya mng'aro wake, aifunge na beringi za kawaida, injini igonge siku hiyo hiyo. Nina hakika muuzaji mwenyewe hakujua, maana alipoona namba alinyamaza, kisha akaomba tumpimie nyingine mbili alizokuwa nazo.

Ya tatu ilikuwa na saizi nzuri kila mahali lakini haikuwa yetu. Hapa wanaoandika programu watanielewa haraka: jina la faili ni lile lile, toleo ni lingine. EJ za zamani zina beringi ya kuzuia krenki isitembee mbele na nyuma kwenye shingo kuu ya katikati, namba tatu. Za baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, imehamia ya nyuma, namba tano. Bloki na krenki lazima zikubaliane. Ukimuuliza muuzaji "hii ni ya EJ20?" atakwambia ndiyo, na atakuwa hajadanganya. Swali la kuuliza ni shingo gani ina zile kuta pana zilizolainishwa kwa ajili ya beringi hiyo. Angalia kwa macho yako, na ulinganishe na bloki yako.

Ya nne ndiyo tuliyoichukua. Shingo za konrodi zilisoma kati ya 51.990 na 51.994, kuu zote ndani ya kiwango. Hatukulipa yote, tuliacha kitu kidogo na kuipeleka kwanza kwenye karakana ya mashine. Wakaiweka juu ya vishikio viwili vya umbo la V, saa ya vipimo katikati, wakaizungusha. Mpindo ulikuwa 0.015, na mwisho unaoruhusiwa ni 0.035. Kisha wakaipima nyufa kwa sumaku na unga wa chuma, ule unaojikusanya juu ya ufa hata kama jicho halioni. Hakukuwa na kitu. Ikapigwa msasa laini kabisa, wa kung'arisha tu na si wa kupunguza, na mashimo ya oili yakasuguliwa kwa brashi. Gharama ya karakana ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na krenki yenyewe, na bado kuna watu hukataa kuilipa kwa sababu "hainunui kitu".

Tena jambo dogo ambalo lilinifurahisha kama mtu wa programu. Muuzaji alitaka kutupa krenki pamoja na gia ya mkanda ya mbele kama nyongeza. Kataa nyongeza hiyo, au iweke sandukuni. Kompyuta ya injini inajua krenki iko wapi kwa kuhesabu meno ya gia hiyo. EJ za zamani zina meno sita, za baadaye zina mpangilio wa nafasi 36 ambapo meno mawili mawili yameondolewa mahali patatu. Ukiweka gia isiyo yako, krenki ni nzima, oili ni nzuri, lakini kompyuta inasoma lugha isiyoijua na gari haliwaki. Tumia gia yako ya zamani.

Vipi kuhusu mpya? Mpya halisi, yenye karatasi zake kutoka kwa mwakilishi anayejulikana, nunua bila kusita kama mfuko unaruhusu. Lakini ipime hata hiyo, na pima bloki yako. Ninachokikataa ni ile mpya ya sanduku la kuvutia ambayo inauzwa chini ya bei ya iliyotumika. Kutengeneza krenki ni kufua, kuchonga, kukomaza, kusaga, kusawazisha. Hakuna njia ya mkato inayofanya kazi hiyo yote kwa bei ya betri. Iliyotumika imeshazunguka mamilioni ya mara ndani ya injini, na kama ingekuwa na kasoro ya kiwandani, kasoro hiyo ingeshajionyesha. Ni kama programu iliyokwisha kutumika na watu wengi. Naiamini kuliko ile iliyoandikwa jana na mtu asiyetaja jina lake.

Pesa ambazo binamu aliziokoa kwa kutonunua krenki ya mashindano tulizielekeza mahali nilipoona pana hatari zaidi. Krenki ya kwanza ilikufa kwa sababu, na sababu hiyo bado ilikuwa ndani ya gari. Tulipoangalia mrija wa kufyonza oili chini ya injini ulikuwa na ufa pale ulipounganishwa, ugonjwa unaojulikana sana wa EJ, unafanya pampu inyonye hewa badala ya oili. Ukawekwa mpya. Pampu ya oili mpya. Kile kipoza oili kilichoko juu ya filta hatukukisafisha, tulikitupa, kwa sababu vijia vyake vya ndani vinabaki na unga wa beringi ya zamani ambao utatoka taratibu na kula beringi mpya. Ule mrija mwembamba unaopeleka oili kwenye turbo una kichujio kidogo ndani ya bolti yake. Kilikuwa kimeziba nusu.

Wengine hukasirika nikisema haya, wanaona nawaongezea bili. Lakini fikiria jinsi EJ inavyofunguliwa. Kwenye injini ya kawaida ya Toyota unafungua sampu, unafungua kofia za beringi, krenki inashuka. Bloki ya EJ imegawanyika mbili kama sandiwichi, na krenki ni nyama ya katikati. Injini lazima itoke ndani ya gari, hedi zote mbili zitoke, pini za pistoni zivutwe kupitia mashimo madogo ya pembeni, ndipo bloki ipasuliwe. Hakuna "tutarudi kurekebisha baadaye". Ukikosea krenki au ukiacha kipoza oili cha zamani, unarudia yote hayo, na gasketi mpya, na wiki mbili bila gari.

Wakati wa kufunga, fundi alitaka kuzungusha krenki kwa mkono tu na kuona kama ni nyepesi. Tukaelewana: afanye hivyo, kisha tuweke na kile kiuzi cha Plastigauge, tukaze bolti kwa kipimo, tufungue tena tuone kimebonyezwa upana gani. Shingo za konrodi zilitoka karibu 0.03. Fundi alipiga picha ya simu ule uzi uliobonyezwa, na nasikia siku hizi anawaonyesha wateja wengine.

Lililobaki ni la mafuta ya petroli, na hapa nagusa kazi yangu mwenyewe. Forester hizi za soko la Japani ziliandikiwa programu ya injini kwa petroli ya bei ya juu ya kule, ambayo okteni yake inazidi super yetu ya kawaida. Okteni ikipungua mlipuko unakuja kabla ya wakati, na ule ndovu wa tani 5 badala ya kukanyaga anapiga nyundo. Kompyuta ya gari inajitahidi kurudisha nyuma moto wa plagi, lakini inafanya hivyo baada ya kusikia noki, si kabla. Kwa hiyo naona kupunguza presha ya turbo kidogo na kurekebisha programu kwa petroli tunayopata hapa ni sehemu ya kununua krenki. Binamu alinung'unika kwamba gari limepoteza ile teke ya kupanda mlima. Kweli limepoteza. Alibadilisha oili akifika kilomita 500, tukaikata filta kwa msumeno na kufungua karatasi yake juani, tukitafuta vumbi linalometa, na sasa anaangalia kijiti cha oili kila Jumamosi asubuhi kabla ya kupakia sanduku za dawa, maana turbo hizi hunywa oili kimyakimya bila kuvuja popote.